Mvinyo wa kilimani Hispania, mtungi wa jirani na posa yangu ya Matrah

Wakuu, asalaam alaikum nyote, wa ghorofani na wa chini ya ngazi.

Nnaanza kwa kusema wazi: katika stori hii mjinga ni mie. Msihangaike kumtafuta mwengine huko kwenye komenti, nafasi imeshajazwa.

Na kila nnachosema ni kweli tupu. Nikiongopa, chai yangu isiwe na sukari mpaka nife. (Daktari keshanikataza sukari, lakini kiapo ni kiapo.)

Wale wa "weka picha", poleni. Enzi hizo kamera tukiziona mikononi mwa wageni tu, na mgeni mwenyewe akishakupiga anaondoka nayo.

Haya, tuanze.

Ilikuwa miaka ya sitini inaelekea sabini. Mie na mama yangu, Bi Moza, tulikuwa tumetoka Unguja tukafikia Matrah, Omani. Skuli niliishia ya msingi. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani: nnajua dua ya kuingia chooni, sijui kuuliza bei ya samaki.

Ila mdomo nilikuwa nao. Mdomo ndo ulionipatia kazi.

Palikuwa na Mhispania mmoja, mhandisi wa mabomba, akiitwa Bwana Anselmo. Alipata kufanya kazi Tanga kwenye mkonge, kwa hivyo Kiswahili anacho. Kiswahili cha kulipigia kelele trekta, lakini anacho. Aliposikia kuna kijana Matrah anasema Kiswahili na anajua gari, akanichukua siku ile ile. Nikawa dereva wake na mshika funguo wa nyumba yake.

Nyumba yenyewe ilishikana ukuta na nyumba ya Ami Khalfan.

Ami Khalfan alikuwa mtu wetu wa Unguja, ana duka la nguo sokoni, na khasa alikuwa na elimu ya dini. Watu wakibishana hiki najisi au si najisi, kwake ndo kituo cha mwisho.

Na alikuwa na binti, Zuwena.

(Tulieni. Nyinyi mkisikia binti tu mnaacha kusoma mnaruka chini. Rudini hapa.)

Nilishamtuma mama akanipelekee posa. Jibu lilikuwa halijatoka, na kulikuwa na jamaa mwengine, mfanyabiashara wa tende, naye keshapiga hodi pale. Yeye ana tende, mie nna mdomo.

Sasa sikilizeni khabari ya mvinyo.

Kwao Bwana Anselmo wana shamba la mizabibu. Si bondeni, juu kabisa mlimani. Mchana jua linachoma, na usiku, hata kiangazi, watu wanalala na blanketi. Tukiwa garini hana mazungumzo mengine. Akiiona ile milima yetu kwa mbali ndo basi, kashawashwa.

"Wewe Sefu, sikia. Mchana zabibu napata sukari. Usiku napata baridi. Baridi nalinda ukali. Bila ukali, mvinyo nalala kama mtu mnene."

Mie, Seif kwa jina, nnaitikia tu, "Naam bwana," huku nnakwepa punda.

Alinambia baba yake hachanganyi. Zabibu ya shamba la jirani haiingii mle hata punje moja, hata huyo jirani akiwa mjomba wake. Shamba moja, kilima kimoja, pipa lao, chupa yao, na jina la kilima limeandikwa kwenye chupa.

Nikamwambia, "Bwana, hayo hata kwetu yapo. Waarabu wetu ndo wanavyooza mabinti zao."

Alicheka mpaka akaniomba nisimamishe gari.

Basi siku moja likaja kasha kutoka kwa huyo baba yake. Chupa kumi na mbili, zimelazwa kwenye majani makavu kama mayai. Wageni walikuwa na ruhusa yao ya vitu hivyo, kwa hivyo msinipigie simu polisi leo.

Bwana Anselmo akazifunika shuka hapo hapo nje, tukazilaze chumba cha ndani. Mie nikabeba upande mmoja wa kasha, yeye upande wa pili. Na katika uchochoro akapita nani?

Ami Khalfan.

Alimwambia mama baadae, "Bi Moza, kijana wako sina neno naye, mdomo tu. Lakini simuozi binti yangu mtu anayelaza pombe na kuifunika shuka kama mtoto mchanga. Siku pombe itakapotoka nyumba ile, njooni tuzungumze."

Mama akarudi kashika kiuno. "Umesikia? Uache kazi au uache mke."

Nikataka kuacha kazi, wallahi. Lakini kesho yake Bwana Anselmo akaitwa jangwani, kwenye mabomba huko ndani, kazi ya wiki nyingi. Akatia chupa moja katika mkoba wake, akaweka mkono juu ya nyengine zilizobaki.

"Sefu. Hii ni baba yangu. Weka baridi. Hapana tikisa. Mimi nikirudi, tutakula vizuri."

Akanipa funguo, akaondoka.

Amana hiyo, wakuu. Na amana haiulizi dini ya mwenyewe. Nikasema atakaporudi tu, nnamkabidhi baba yake, nnaacha kazi, nnakwenda kuoa.

Kisha likaja joto.

Nyinyi mnaokaa Bustan na viyoyozi vyenu hamulijui joto la Matrah ya zamani. Milima imeuzunguka mji kama sufuria, na sie ndo wali. Kuku wakitaga wanaondoka haraka.

Friji ya Bwana Anselmo ilikuwa ya mafuta ya taa, nayo ikaamua kufa wiki hiyo hiyo. Nikaipiga kofi, nikaipiga teke, nikaisomea. Haikurudi.

Asubuhi moja nikafunua shuka nikaona kizibo kimoja kimepanda juu, na doa jekundu kwenye shuka.

Hapo nikakumbuka Unguja. Palikuwa na mgema mtaani kwetu aliyeziba tembo chupani akaikaza, akaiacha juani. Ilipasuka kama mzinga wa Ngomeni. Bata wa jirani hakusikia tena maisha yake yote.

Nikapiga hesabu. Chupa moja tu ilimtia bata uziwi. Hizi hapa zikipasuka zote kwa pamoja, mvinyo utapita chini ya ukuta, utaingia kwenye uwa wa Ami Khalfan, pale pale anapotandika msala wake.

Kwaheri Zuwena. Karibu mwenye tende.

Sasa oneni akili yangu ilivyofanya kazi. Matrah maji tunayapoza kwa jahla, ule mtungi wa udongo unaowekwa penye upepo. Udongo unatoka jasho, maji yanapoa. Mvinyo ni nini? Maji yenye rangi. Na mtungi una mdomo wazi, haupasuki.

Baridi, bwana kapata. Kupasuka, hakuna. Nilijiona mhandisi kuliko yeye.

Tatizo, mtungi mkubwa sina. Nikaenda kugonga kwa Ami Khalfan, nnajua saa hizo yuko dukani. Zuwena akaitika nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mie Seif. Nnaomba mtungi wa kuazima."

"Wa nini?"

"Wa kupozea kitu cha bwana."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Kitu chenye vizibo?"

Nikakohoa. Mie, mwenye mdomo wangu, nikakohoa. Kwa ndani nikasikia kacheka, kisha vyombo vinasogezwa, hiki kinatolewa, kile kinarudishwa, mpaka nikajiuliza mtungi mmoja unachaguliwa kama kanga ya harusi kwa nini.

Ukasukumwa nje mtungi mkubwa, wa zamani, ndani una rangi ya kahawia. Ulikuwa na kiharufu cha kuchoma pua kidogo. Nikasema labda udongo wa kwao.

"Usiuoshe kwa sabuni," akanambia. "Udongo unakunywa sabuni. Na usiufunike kwa sahani, funika kitambaa upate pumzi."

Nikasema moyoni, huyu ndo mke. Hajaolewa, keshafikiria vyombo.

Nikarudi, nikajifunga kilemba puani nisivute harufu ya kharamu, nikaanza. Kila kizibo kinasema "po!", mie nnasema "astaghfirullah!" Po, astaghfirullah. Po, astaghfirullah. Mtu akipita nje angedhani nnapigana na jini.

Nikamimina zote mtungini. Nikafunga kitambaa cha melimeli mdomoni. Nikauweka dirishani penye upepo. Chupa nikazisuuza nikazirudisha kwenye kasha, zimepangika, safi, zinang'ara.

Nikalala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la maana.

Nilichosahau ni kwamba upepo ukiingia dirishani unatoka na kitu.

Kesho yake uchochoro mzima unanuka mvinyo. Paka anapita upande. Nikachungulia nikamuona Ami Khalfan kasimama nje, kanyanyua pua, kafumba macho, kama mtu anayetafuta kibla kwa harufu. Kisha akaondoka zake.

Jioni mama akaja. Hakubisha hodi, alibisha kwa kiatu.

"Umekwenda kuwatandazia watu pombe dirishani! Mzee anasema asituone tena mlangoni kwake! Wee mtoto wee! Mwaga! Mwaga sasa hivi!"

"Mama, si yangu."

"Ya nani?"

"Ya baba yake bwana."

"Na mke ni wa nani?"

Nikautazama mtungi. Kuumwaga ilikuwa kazi ya dakika moja. Natoka nje mkono mtupu, naapa mbele ya Ami Khalfan kwamba hamna tena, na mambo yanakwisha.

Lakini yule mtu aliweka mkono juu ya kasha akasema hii ni baba yangu. Nitamwambia nini akirudi? Nimemwaga baba yako?

Sikumwaga. Mama alikaa siku nyingi hasemi nami, chakula ananisukumia kwa mguu. Na mwenye tende alionekana tena mtaani, safari hii kavaa bisht, joho la sherehe.

Mie nikaendelea kuuchunga mtungi. Kila siku nnarushia maji nje ya udongo upoe, kilemba puani. Ikawa kama nnamuuguza mgonjwa.

Ndo akarudi Bwana Anselmo. Kachomeka na jua, kajaa vumbi, lakini kafurahi. Mkononi kashika mikate.

"Sefu! Leo tutakula! Baba yangu yuko wapi?"

"Yuko freshi, bwana. Nimempoza."

Akaingia chumba cha ndani, akafunua shuka. Akanyanyua chupa. Tupu. Ya pili. Tupu. Akageuka, uso mwekundu kuliko mvinyo wenyewe.

"Wewe nakunywa baba yangu!"

"Hasha bwana! Baba yako yumo mtungini!"

Nikampeleka dirishani kwa fakhari kama mtu anayeonyesha bibi harusi. Nikafungua kitambaa. Akachota kikombe, akaonja.

Akafumba jicho moja. Akafumba la pili. Angekuwa na la tatu angelifumba.

"SIKI!"

Ukelele ule nadhani ulisikika mpaka Maskati mjini. "Siki! Mvinyo ya baba yangu, yeye nafanya siki!"

Akakaa juu ya kasha tupu, kashika kichwa. Na hapo, wakuu, kicheko changu chote kilikauka. Sikuwahi kumuona mtu mzima kakaa vile. Nikajua nimepoteza kazi na mke kwa mtungi mmoja.

Mlango ukafunguka. Ami Khalfan, na nyuma yake majirani, na nyuma yao mama yangu mbio mbio kashika buibui. Walidhani mgeni kalewa ananiua.

"Kuna nini humu?" Ami akauliza.

"Siki!" Bwana Anselmo akasema, anaonyesha mtungi.

Ami Khalfan akasita. Akausogelea mtungi taratibu. Akainama. Akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika, ikawa si jirani mwenye hasira tena, ni mwalimu aliyeletewa mas'ala.

Kisha akautazama mtungi wenyewe.

"Mtungi huu naujua."

"Niliazima, Ami. Wewe ulikuwa dukani."

Akautazama mtungi, kisha akautazama ukuta wa kwake. Akakaa chini.

"Seif, nijibu kwa akili."

"Sina, Ami."

"Ulitia chumvi humu?"

"Sikutia."

"Mkate? Kitunguu? Kitu chochote?"

"Wallahi sikutia kitu."

"Ulinuia siki?"

"Nilinuia baridi, Ami."

Akawageukia watu akawafahamisha. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, imekuwa halali, na chombo chake kimesafika pamoja nao. Lakini mtu akiugeuza kwa makusudi, hapo wanazuoni wana maneno, na yeye nyumbani kwake hayataki hayo maneno.

"Kwa hivyo nnataka shahidi," akasema. "Nani anajua kama kijana huyu hakujua alifanyalo?"

Bwana Anselmo akainuka juu ya kasha. Nikadhani ananimaliza.

"Mimi shahidi! Huyu kijana mjinga kabisa! Siku moja mimi nasema, Sefu, angalia mafuta ya gari kama nzuri. Yeye naonja!"

Majirani wakaanza kuziba midomo.

Mmoja wao akanyanyua mkono. "Na mie shahidi. Aliwahi kuniuliza kama punda wa hapa wanafahamu Kiswahili."

Na mama yangu, mama yangu mzazi aliyenizaa, akatoa kichwa kwenye buibui:

"Tokea mdogo, Ami Khalfan. Tokea mdogo."

Nimewahi kuona watu wanatafuta mashahidi wa kuwasifu. Mie nilisimama pale nnaomba aongezeke mtu wa kunitukana. Kila ujinga ukitajwa, siki inazidi kuwa halali.

Nilipoona uso wa Ami umelegea, nikatia mdomo wangu.

"Ami, ulisema siku pombe itakapotoka nyumba hii, tuje tuzungumze."

"Nilisema."

"Basi imetoka, Ami. Iliyobaki ni siki."

Kisha mzee yule, ambaye sikuwahi kumuona meno, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Bwana Anselmo naye akachovya kipande cha mkate mtungini, akatafuna taratibu. Akachovya tena.

"Ukali ni ya kilima," akasema, pole pole. "Baridi bado iko ndani."

Akatuambia jikoni kwa bibi yake kule mlimani kulikuwa na mtungi kama huu huu, siki ya shamba lao wenyewe. Haiuzwi, haitoki nje ya nyumba. Akanambia, "Baba yangu akisikia, atacheka au atakufa. Sisi hapana mwambia."

Akanituma kununua nguru mzima. Akamkata vipande, akamkaanga, kisha akachemsha ile siki na thomu nyingi na pilipili manga nzima, akammwagia samaki, akamlaza humo mpaka kesho yake. Ndo chakula cha mama yake hicho. Tulikula baada ya sala ya Ijumaa, mtaa mzima, mkono mmoja sahani moja. Ami Khalfan alimaliza kipande cha kwanza. Cha pili akauliza:

"Kilima chenyewe kiko upande gani?"

Nusu ya mtungi ikavuka ukuta kwenda kwao Zuwena. Ilitengenezewa achari ya maembe, na achari ile ililiwa kwenye harusi yangu. Mwenye tende alialikwa. Aliombwa alete tende, akaleta, Mungu amlipe kheri.

Na kazi sikufukuzwa. Ila kuangalia mafuta ya gari alikuwa akiangalia mwenyewe.

Somo, wakuu? Kitu cha mtu usikitunze kwa ujuzi wa kwenu, muulize mwenyewe kwao kinatunzwaje. Na amana ishikilie hata kama inanuka. Mie ningemwaga siku ile, leo ningekuwa nnanunua tende kwa jamaa mmoja na kumuulizia khali mkewe.

Wanazuoni, wapishi na wajinga wenzangu, uwanja wenu. Nna swali nnalotaka mnijibu kwenye komenti, siki ile tuliyokula ilikuwa halali au la, maana Ami Khalfan keshatangulia mbele ya haki na sikuthubutu kumuuliza akiwa hai.

Lilitokana na maneno ya Zuwena. Tulikuwa tumeshaoana, kakaa ananimenyea embe, mie nnamsimulia kwa mara ya mia jinsi siki ile ilivyojigeukia yenyewe kwa kudra za Mola. Akaniangalia, kisu mkononi, akasema:

"Kwetu kulikuwa na mitungi chungu nzima, Seif, yote safi, ya maji. Nikakuchagulia wa bibi yangu wa kugeuzia siki. Weye ndo hukunuia. Mie nilinuia."